Ofisi ya wakili waliyotutengenezea pawa ya kesi ya kiwanja, nawapa nyota 4 kati ya 5

Ngoja niandike hii leo maana dada kanipigia tena kutoka Muscat, shoga yake anaefanya nae kazi ana kesi ya shamba huko Tanga na anataka kujua sisi tulifanyaje ile pawa (hati ya uwakilishi, karatasi ya kukuruhusu usimamie jambo kwa niaba ya mwenzio), na mimi nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane, kwahiyo naandika mara moja alafu kila atakaeuliza namrushia.

Jina la ofisi sitaji. Wakili mwenyewe alishaniambia wao hawaruhusiwi kujitangaza kama duka la simu, na mimi sitaki kumponza. Ila huduma yenyewe ntaielezea yote, mazuri na ya kuudhi, mana ya kuudhi yapo.

Iko hivi. Dada yangu mkubwa yuko Oman miaka mingi tu. 2012 alinunua kiwanja mkoa wa Pwani, milioni 4 wakati ule, mimi ndo nilibeba hela na nikasaini kama shahidi kwenye karatasi ya mauziano pale serikali ya mtaa. Kikakaa. Tukapanda minazi minne na mwembe, basi. 2022 napita naenda kucheki nakuta mtu kachimba msingi, tofali zimepangwa, na mwembe hamna. Namuuliza fundi hapa pa nani, ananitajia jina nisilolijua. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa mbio na hasira zangu zote, nikaeleza weeee, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza swali moja tu: "Sasa wewe kijana, kwenye hili wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mdogo wake. Nikamfungulia na voisi za dada akisema kabisa mdogo wangu simamia hilo jambo. Mzee akacheka, akasema hiyo sauti hata mimi naweza kumuomba binti yangu aniigizie.

Basi lile swali ndo limenitesa mwaka mzima. Watu wengi (mimi wa kwanza) tunadhani kesi ya ardhi ni kuthibitisha kiwanja ni cha nani, kumbe kabla hujafika huko kuna mlango mwingine, unatakiwa uthibitishe wewe unaeongea umetumwa na nani na kwa karatasi gani. Ukikwama hapo hakuna atakaesikiliza habari za mwembe wako.

Baraza la kata kule tulipita bila shida sana. Pale siku hizi hawaamui, tangu sheria ibadilishwe 2021 kazi yao imebaki kupatanisha tu, na mwanasheria haruhusiwi kusimama pale kama mwanasheria, ndugu ndo anaweza kukubaliwa akamuongelea mtu wake. Wakatuita mara mbili, jamaa aliyechimba msingi mara ya kwanza kaja mara ya pili hakutokea, wakatuandikia kwamba usuluhishi umeshindikana. Hiyo karatasi itunze kama cheti cha kuzaliwa, bila hiyo baraza la ardhi na nyumba la wilaya, ndo linaloamua kesi, hawakupokei.

Hapo ndo nikafanya ujinga. Nje ya baraza la wilaya kuna vile vibanda vya steshenari, na kuna jamaa pale ana kompyuta na mihuri kwenye bakuli la plastiki, bakuli la kulia wali kabisa. Namwambia nataka ile wanayoita pawa ofu atoni, ya dada, yuko nje. Akaniambia elfu 40 na nusu saa. Nikaona huyu ndo mtu sasa. Akaniambia dada asaini kwenye karatasi nyeupe apige picha atume watsap, yeye akaikata ile saini kwenye kompyuta akaibandika chini ya karatasi, akagonga muhuri wa wakili, akaniandikia na maombi ya kufungua shauri. Karatasi ilikua kingereza kitupu, kurasa mbili, ina maneno mengi mazito, nikajisikia nina silaha.

Siku ya shauri mjibu maombi (ndo huyo jamaa wa msingi) kaja na wakili, kijana tu mdogo, suti ya bluu, mpole kweli kweli. Akasimama akasema Mheshimiwa tuna pingamizi la awali, yaani kosa la kuamuliwa kabla kesi yenyewe haijasikilizwa. Akaomba ile pawa yetu, akaisoma taratibu sehemu ya chini: imesainiwa mbele yangu, Dar es Salaam, tarehe fulani. Alafu akafungua maombi yetu wenyewe akasoma: mmiliki anaishi Muscat tangu mwaka fulani na hajarejea nchini. Akauliza, Mheshimiwa, huyu mama alisainije Dar es Salaam? Watu nyuma wakaguna. Mimi mwenyewe nikaguna, mana sikuwahi kuisoma.

Na kosa halikua moja. Kumbe jamaa wa steshenari aliniandika MIMI kama mwombaji, yaani karatasi ilikua inasoma kama kiwanja changu, wakati hapo hapo ndani nasema ni cha dada. Shauri likaondolewa, tukaambiwa na gharama za upande wa pili tulipe. Niliporudi kwa yule kishoka akaniambia "kaka mi nilifanya ulichoniagiza." Baadae nikaingia kwenye ule mfumo wa Mahakama unaitwa e-Wakili, unaandika jina unaona kama mtu ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai. Jina la kwenye ule muhuri halipo. Hamna kabisa. Kucheki ni bure na dakika mbili, na mi nilicheki baada ya kuliwa.

Sasa ofisi yenyewe. Nilielekezwa na jirani, iko ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme, ngazi nyembamba mkipishana mmoja anageuka ubavu. Benchi moja la watu wanne tunakaa saba, feni inapiga kelele kuliko upepo wake, na karani ana sauti ya chini unaweza kuitwa usisikie ukapitwa. Mara ya kwanza nilikaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba na nusu. Hii naitoa nusu nyota papo hapo.

Ila kwenye lile benchi nilijifunza kuliko nilivyojifunza kwa elfu 40. Nilikaa na mzee mmoja ana bahasha ya kaki imechakaa, mlango ulikua wazi alipoingia ndani kwahiyo tukasikia wote. Ana pawa ya kaka yake, nzuri, ya kweli, ina mihuri yote, anasimamia kesi ya shamba la kaka. Wakili akaisoma akamuuliza, mzee wangu, kaka yuko wapi sasa hivi? Akasema kaka tumemzika mwezi wa pili. Wakili akaiweka karatasi mezani taratibu akasema pole sana mzee, hii ilikua na nguvu mpaka siku ile aliyofariki, ilikufa nae. Mzee akatoa karatasi nyingine, muhtasari wa kikao cha ukoo, watu kumi na kitu wamesaini kumteua yeye. Akaambiwa huo nao ni pendekezo tu, ukoo unapendekeza ila anaeteua ni mahakama, uende nao Mahakama ya Mwanzo ufungue mirathi, wakikuteua utapewa ile fomu namba 4, hiyo ndo unakuja nayo kwenye kesi ya shamba na jina lako linaandikwa "msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani", sio jina lako kavu. Mzee akauliza mara tatu: "Hata kama wote tumekubaliana?" Hata kama wote mmekubaliana. Alitoka pale mnyonge ila hakutozwa hata mia, nimeona kwa macho.

Zamu yangu ilipofika sikuulizwa habari za kiwanja kabisa. Niliulizwa hivi: dada yuko hai? Ana akili timamu? Yuko nje ya nchi au yuko hapa hapa ila hataki kuja? Karatasi za kiwanja zina jina la nani, la kwake peke yake au na mumewe? Na unataka kufanya nini hasa, kumsemea tu au na kusaini, na kupatana, na kukata rufaa? Hilo la yuko wapi akasema lina uzito, mana mtu mzima mzima aliyepo hapa mjini mahakama inamtegemea aje mwenyewe au aweke wakili, hati ya uwakilishi sio ya kumkwepesha mtu uvivu wa kupanda daladala.

Nikamwambia mbona nimesikia ndugu anaruhusiwa kusimama baraza la wilaya. Akasema kweli, sheria ya mahakama za ardhi kifungu cha 30 kinaruhusu mtu aje mwenyewe, au wakili, au ndugu, au mtu wa nyumbani kwake. Ila akaniuliza, kuhudhuria na kufungua shauri ni kitu kimoja? Kusimama pale ukasema dada anaumwa leo ni jambo moja, kusaini maombi, kukubali maridhiano, kuacha sehemu ya kiwanja cha mwenzio, hilo ni jambo lingine na ukilifanya bila karatasi hata dada mwenyewe kesho anaweza kukukana. Nikanyamaza. Kiukweli kuna siku nilishawaza kupatana na yule jamaa atupe milioni 6 aondoke na kiwanja chake, na dada nilikua sijamwambia.

Akaiandika kwa kiswahili. Hii nimeipenda sana na ndo nusu ya hizi nyota. Kurasa mbili na nusu, inasema dada ni nani, namba ya pasipoti, mimi ni nani, namba ya NIDA, kiwanja kipi, kinapakana na nani upande gani, mgogoro ni na nani, alafu mamlaka moja moja: kufungua shauri na kulitetea, kusaini nyaraka, kuhudhuria, kuweka wakili, kukata rufaa. Kwenye kupatana akaandika naweza kupatana ila kwa kibali cha maandishi cha dada, na kuuza SIRUHUSIWI. Nikamwambia wakili mbona unanifunga hivyo, mi mdogo wake wa tumbo moja. Akasema namlinda yeye na nakulinda wewe, siku mkigombana utakuja kunishukuru. Ile ya steshenari ilikua inasema nasimamia mali zake zote popote zilipo, yaani ningeweza hata kuuza nyumba yake ya Chanika na hajui. Dada aliposomewa hii mpya kwa simu akasema hii sasa naielewa, ile nyingine nilisaini tu.

Likaja balaa la majina. Karatasi ya mauziano ya 2012 mwandishi wa mtaa aliandika Omari, pasipoti inasoma Omary, na kwenye mauziano jina la kati halipo. Mi nikaona ni herufi moja tu jamani. Wakili akasema herufi hiyo moja ni pingamizi la asubuhi nzima, akaandaa na hati ya kiapo ya dada kwamba majina yote hayo ni mtu mmoja.

Dada akatumiwa kwa imeili, akaprinti Ruwi, hapo hapo Muscat, na hapa ndo kuna kazi mana hakutakiwa kusaini popote mpaka awe mbele ya afisa. Akaomba ruhusa kwa bosi wake siku ya kazi (kule wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi), akaenda ubalozi wetu pale Muscat na pasipoti, akasaini mbele yao, wakagonga muhuri wao, na sehemu ya chini ikaandikwa MUSCAT na tarehe ya siku ile ile. Kile kineno Muscat chini ya karatasi nilikiangalia kama picha ya mtoto. Akatuma orijino kwa kurier, sio skani. Kuanzia kuandika mpaka karatasi kunifikia mkononi ni wiki tatu na siku mbili.

Lawama yangu kubwa kwa ofisi ni hapa. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba ikifika inatakiwa ilipiwe ushuru wa stempu TRA, nimekuja kuambiwa siku nne kabla ya kufungua shauri, tena na karani, tena kwa voisi, "eti kaka ile hati ulishailipia?" Hela yenyewe sio ya kutisha, ila kukimbizana na kontroo namba na mtandao upo chini ni presha ambayo nisingeipata kama ningeambiwa siku ya kwanza. Na sio urembo, hati isiyolipiwa ushuru ikipingwa haipokelewi kama ushahidi, kwahiyo tungerudi kule kule. Nilimwambia wakili wazi wazi, akaomba radhi, akamgeukia karani, karani akaniangalia mimi. Ukienda ofisi yoyote uliza mwenyewe tu, "baada ya hii kuna malipo gani mengine ya serikali?"

Kufungua upya ikawa kwa jina la dada, mwombaji ni yeye, "kupitia mwakilishi wake" alafu mimi, na hati ikabandikwa kama kiambatisho. Wakili aliharakisha sana hapo mana ardhi ina ukomo wa miaka 12 na hakutaka mtu aje aanze kutuhesabia miaka kwamba jamaa aliingia lini.

Siku ya kwanza yule kijana wa suti (safari hii ya kijivu) akaomba tena kuona hati. Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza akataka orijino, akailinganisha na kopi, akageuza nyuma akaangalia muhuri wa ubalozi, akasoma kimya kimya alafu akaniuliza mimi moja kwa moja, "Unaruhusiwa kuuza hiki kiwanja?" Nikasema hapana Mheshimiwa. "Kwanini?" Nikasema mwenyewe hajaniruhusu, imeandikwa. Akampasia mzee wa baraza, nae akaisoma kwa miwani ya kamba. Kijana wa suti akaangalia akarudisha, akasema hatuna pingamizi kwenye hilo Mheshimiwa. Aisee. Dakika tano hazikuisha. Mwaka mzima wa kuulizwa wewe nani umeisha kwa dakika tano.

Kitu kingine ambacho wakili alikisema mapema na nashukuru: hiyo hati inanipa mdomo wa dada ila hainipi macho yake. Mambo aliyoyaona yeye sio mimi siwezi kuyatolea ushahidi eti kwasababu nina pawa. Bahati yangu siku ya kununua nilikuwepo, hela nimehesabu mimi, mipaka tumetembea pamoja na muuzaji, kwahiyo nasimama kama shahidi kwa nilichokiona. Kama ningekua sikuwepo, dada angetakiwa apange namna ya kuja mwenyewe au tutafute mashahidi waliokuwepo.

Bei. Kuandika hati na kiapo laki moja na nusu, kufungua shauri na kusimamia wanatoza tofauti na mnaelewana, mi nalipa kwa awamu. Kurier dada alilipa huko huko. Risiti wanatoa ila uidai, mara mbili nimepewa wiki inayofuata. Simu ya wakili ukipiga mchana hapokei, tuma meseji jioni atajibu, tena anajibu vizuri. Tarehe moja hakuja akamtuma mwenzie ambae hata jina la dada alilitaja vibaya, ikaahirishwa, hiyo nayo nimeikata nusu iliyobaki.

Kama huna hela kabisa kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya ile sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hawatozi, watakuelekeza njia vizuri tu ila kusimama mahakamani kwa niaba yako sio kazi yao. Na kama kiwanja chako kiko Unguja au Pemba haya yangu usiyabebe kama yalivyo, kule wana Mahakama yao ya Ardhi na sheria zao.

Kesi yenyewe bado, tumesikilizwa mashahidi wawili, msingi wa jamaa umeota majani na zuio la kuendelea kujenga lipo. Nyota 4. Ukienda pale wahi kabla ya saa mbili, kaa upande wa dirisha, beba maji yako, na fotokopi fanya mtaa wa nyuma ni shilingi mia, wao pale ofisini wanachaji mia mbili na mashine inatia mstari mweusi katikati ya karatasi.